Tulivyochagua Trima ya Maganda Nanyuki

Tangu nistaafu, kila asubuhi mikono yangu huamka kabla yangu na kutafuta kitu cha kushika. Nyumbani hakuna jiliwa la kubania vyuma wala tupa. Kuna sufuria tu, na sufuria hazihitaji kupimwa. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Nyinyi mliobaki karakanani mlinicheka miaka mingi kwa sababu sikuruhusu mtu aguse trima, ile mashine ya kukatia maganda ya risasi, kabla ya kunionyesha vidole vyake, mbele na nyuma, kama mtoto wa nasari. Sikuwahi kuwaeleza kwa nini. Mimi nilikuwa na kazi, nanyi hamkuwa na subira. Sasa mimi sina kazi, na subira yenu nitaijua kwa jinsi mtakavyosoma.

Habari za vyeo nazipita. Karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili tu: mwenye duka, na sisi wengine.

Nilifika Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikitoka Mukurweini na cheti cha chuo cha ufundi kilichosema kwamba ninajua kuchonga vyuma. Cheti kilisema kweli, ila waajiri walikuwa wakikisoma, kisha wananitazama, kisha wanakisoma tena. Mama Nyawira hakukisoma. Alikuwa mjane. Mumewe, fundi wa bunduki mwenye leseni, alimwachia duka, karakana iliyo nyuma ya duka, na wanaume wengi wa kumshauri auze vyote viwili. Yeye akaenda akatafuta leseni kwa jina lake mwenyewe, akaipata, akarudi akiwa amechoshwa na ushauri.

"Wewe Wangeci, unaogopa bunduki?" aliniuliza.

"Sijawahi kushika, Mama."

"Hiyo si jibu mbaya. Ingia."

Nilitarajia harufu ya baruti. Nikapokewa na harufu ya mafuta ya kukamulia ng'ombe. Nilidhani pua inanidanganya kwa kukumbuka nyumbani, lakini mkebe wenyewe ulikuwa pale mezani, uleule ambao mama yangu aliuweka juu ya dirisha la zizi. Kando yake alikaa Mzee Mugambi, fundi mkuu, Mmeru mwembamba mwenye sweta iliyotoboka viwiko. Aliona ninautazama ule mkebe.

"Mafuta ya kazi inatoka ng'ambo, na ng'ambo ni mbali," akasema. "Hii inatoka dukani hapo. Ng'ombe hajalalamika, na shaba pia haijalalamika."

Basi siku ya kwanza kazini nikajiona niko nyumbani, jambo ambalo sikulitegemea katika nyumba ya bunduki.

Najua kwamba hata wake na waume zenu watasoma haya, kwa hiyo acheni nieleze kazi yenyewe. Risasi ikipigwa, kinachoruka ni kichwa chake. Ganda la shaba hubaki. Likiwa zima linaweza kujazwa tena, na miaka ile, maganda mapya yalipokuwa adimu, lilijazwa tena na tena mpaka shingo ikapasuka. Kwanza lilipakwa mafuta, likabanwa kwenye presi ili lirudi umbo lake. Lakini shaba ina tabia yake. Kila ikipigwa na kila ikibanwa, shingo ya ganda hurefuka kidogo, kiasi ambacho jicho halioni. Ikirefuka kupita kipimo, hukwama mbele ya chemba ya bunduki, pale risasi inapokaa, na kukishika kichwa cha risasi, na nguvu inayokosa njia mbele hurudi usoni kwa mpigaji. Hata pale ambapo hakuna ganda lililozidi kipimo, yakitofautiana urefu tu, risasi hutawanyika kwenye shabaha. Kwa hiyo shingo lazima ikatwe, na yote yakatwe sawasawa.

Wateja wetu walikuwa wenye ranchi za Laikipia na wanachama wa klabu ya kulenga shabaha. Wanajeshi wa kigeni waliokuja mazoezini hawakutuhitaji. Wao walinunua vinyago mtaa wa pili.

Mzee Mugambi alikata shingo kwa njia aliyojifunza ujanani. Alikuwa na kalibu ya chuma kigumu sana. Presi ililisukuma ganda ndani ya kalibu mpaka mwisho, shingo ikachungulia juu, naye akaipiga tupa hadi tupa ikateleza juu ya kalibu. Alisikiliza zaidi ya alivyotazama. Mlio wa shaba ni wa kukwaruza, mlio wa kalibu ni wa kuteleza, na kati ya milio hiyo miwili ndipo alipoishi. Kisha alipima kwa venia, kile kipimo cha kubana chenye mistari midogo, akikisogeza dirishani na kukitazama kwa muda mrefu. Mimi niliona ni umakini.

Alinifundisha bila haraka na bila sifa. Nikifanya vizuri alinyamaza, nikiharibu alikohoa. Mwaka wangu wa kwanza alikohoa sana, hata Mama Nyawira akamnunulia dawa ya kifua.

Siku moja akaja Sajini Karimi. Alikuwa askari wa magereza kutoka Nyeri, mpiga shabaha hodari, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha hata akiomba chai. Alitandaza karatasi ya shabaha mezani petu. Matundu yalikuwa yamepanda na kushuka, moja juu, moja chini.

"Mzee, si kusumbua, lakini angalia hii kitu," akasema. "Pumzi yangu iko sawa. Bunduki imekaguliwa. Hii ni risasi."

Mzee Mugambi aliinamia karatasi.

"Msimu huu wanachagua timu," Karimi aliendelea, na sauti yake ikashuka. "Mwaka ujao niko juu ya umri. Nikikosa sasa, nimekosa kabisa."

Alipoondoka, Mama Nyawira alichukua trei ya maganda yaliyokatwa wiki ile, akayapima yeye mwenyewe, moja baada ya jingine, kwenye meza ya duka. Kisha akaja nyuma. Alikuwa mtu wa kusema mambo waziwazi, na siku ile nilitamani asingekuwa hivyo.

"Mzee, hii maganda iko tofauti tofauti."

"Umepima vizuri?"

"Nimepima. Sasa sikia. Tutatafuta trima, ile mashine ya kukata. Ikifanya kazi, Wangeci ataishika, wewe upumzike. Karakana hii ni ndogo, kiti ni kimoja."

"Na isipofanya?"

"Isipofanya, tutaendelea na tupa yako."

Mzee Mugambi alikubali kwa kichwa, akarudi kwenye jiliwa. Mimi nilijifanya natafuta kitambaa. Nilikuwa nimepewa kiti cha mwalimu wangu akiwa bado amekikalia, na sikujua pa kuweka macho.

Lakini niwaambie ukweli, trima zilipofika, huzuni yangu iliondoka kwa muda. Nilikuwa na udadisi wa paka. Zilikuwa tatu za kujaribu, na kila moja ilikuwa imelijibu swali lilelile kwa namna yake: unamshika wapi mtu usiyetaka asogee?

Ya kwanza, aliyotuazima mwanachama wa klabu, ilienea kiganjani. Ilikuwa na kisu kidogo chenye pini ndefu katikati. Pini iliingia shingoni, ikapita ganda lote hadi kugusa kitako, na ikigusa, kisu hakikati tena. Ni akili safi kabisa, hakuna cha kurekebisha na hakuna cha kuharibu. Niliipenda mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Tena kila aina ya risasi ilihitaji pini yake, na sisi tulikuwa na aina nyingi kuliko meno. Nikaona inamfaa mtu mwenye bunduki moja na jioni ndefu.

Ya pili ilikuwa na mpini wa kuzungusha na meno ya kushika ganda kwenye kitako. Ilikwenda upesi, ikanifurahisha, kisha nikapima. Vitako vya maganda yetu vilikuwa vimeng'atwa na bunduki za kila aina, tena vimetoka viwanda mbalimbali, vingine vinene, vingine vyembamba. Meno yalipokaza, ganda moja lilivutwa nyuma kidogo na jingine likabaki. Kwa maganda mapya ya kiwanda kimoja ingekuwa mashine nzuri. Kwa mazee yetu, hapana.

Ya tatu ilikuja kwa posta kutoka Nairobi, imefungwa kwa karatasi yenye mafuta. Hii haikulishika ganda kitako wala shingo. Ililivika. Kulikuwa na bomba fupi la chuma, pana kidogo nyuma na jembamba kidogo mbele, kama lilivyo ganda lenyewe. Ganda lilitiwa humo, likagongwa taratibu kwa nyundo ya mbao mpaka likatulia. Bomba likalazwa kwenye reli zake, kisu cha mviringo kikaletwa mbele, ukazungusha. Mdomo wa ganda ulitoka umenyooka, unang'aa kama pete ya arusi. Nilimwonyesha Mzee Mugambi. Aliupitishia ukucha, akasema, "Wee!" Kutoka kwake, hiyo ilikuwa hotuba.

Kisha nikapima, na pete zangu zote za arusi zikawa na talaka. Moja ilifika kipimo, ya pili ikazidi, ya tatu ikazidi zaidi, ya nne ikarudi. Ilikuwa mbaya kuliko tupa.

"Takataka ya kutoka mbali," Mama Nyawira akasema. "Ijumaa nairudisha posta."

Ningefurahi. Trima ikirudi, Mzee Mugambi anabaki. Lakini pia Sajini Karimi anabaki na risasi za kupanda na kushuka, na mchujo wa timu ulikuwa umekaribia. Zaidi ya hayo, niseme bila haya, sikuweza kustahimili kutojua. Chombo kilichochongwa kwa uangalifu ule kinawezaje kusema uongo?

Nikaanza kukichunguza. Niligundua kwamba maganda ya asubuhi yalikuwa mabaya kuliko ya alasiri. Nanyuki asubuhi, mlima ukiwa umejifunua, baridi inashuka hata chuma kinatamani koti. Nikafikiri bomba linasinyaa. Nikaanza kulipasha moto kwapani, chini ya sweta, kabla ya kukata. Mama Nyawira alinikuta nimebana mkono, akaniuliza kama nimepata jipu. Maganda ya kwapani yalikuwa afadhali, lakini hayakuwa sawa. Nikabadilisha nyundo. Nikabadilisha mkono wa kugongea. Nikamwomba Mama agonge yeye, akagonga kidole changu. Mzee Mugambi alikaa na tupa yake pembeni, akitutazama juu ya miwani, asikohoe hata mara moja. Hilo lilipaswa kunishangaza, maana nilikuwa nikiharibu kweli.

Alhamisi, Mama akiwa mbele dukani na mteja, Mzee Mugambi aliniita kama wanavyoitwa mabinti kwao.

"Mwari, leta ganda moja. Hiyo ya kukatwa."

Nikampa. Alilipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, kutoka kitako hadi kwenye bega la ganda, pale shingo inapoanzia. Kisha akasugua vidole vyake viwili.

"Hii iko na mafuta."

"Tumepangusa, Mzee."

"Tumepangusa vile watu wanapangusa meza, wageni wakiwa mlangoni."

Alichukua karai, akatia maji ya moto ya chai na sabuni ya unga, akaosha maganda kama mtu anayeosha maharagwe. Akayaanika juani kwenye kipande cha bati. Tukanawa mikono, naye akavikagua vidole vyangu, mbele na nyuma. Kisha akasema, "Sasa kata."

Nilikata la kwanza, nikapima. Nikakata la pili. Nilipofika la tano nilikuwa nacheka peke yangu. Mistari ya venia ilikaa palepale kila mara. Nilimaliza trei nzima na hakuna lililokaidi.

"Umeshawahi kutia mpini kwa jembe ikiwa na matope?" aliuliza. "Unagonga, unasema imefika. Haijafika. Sasa hii bomba imekuwa nyembamba polepole sana. Mafuta kidogo tu kwa ubavu, ganda inasimama mbali. Asubuhi mafuta ni ngumu, inasimama mbali zaidi. Hiyo kwapa yako ilikuwa inayeyusha."

"Na kwa kalibu yako?"

"Kwa kalibu, presi inasukuma kwa nguvu, mafuta inakimbia. Ndiyo sababu hatukujua. Hiyo mafuta ya ng'ombe haijatusumbua miaka yote."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa alichokuwa amefanya. Kesho ilikuwa Ijumaa. Angekaa kimya siku moja tu, trima ingekwenda posta, na kiti chake kingebaki chake.

"Mzee, ulijua lini?"

"Jumanne."

"Na leo ni Alhamisi."

"Ii."

"Mbona hukusema?"

Aliichukua tupa yake, akaipiga brashi, akaiweka chini. "Nilikuwa nataka kujua kama naweza kunyamaza."

"Na ukaonaje?"

"Siwezi. Nimejaribu. Chakula haishuki." Kisha akaongeza, kama aliyekasirika kidogo, "Huyu Karimi anaweka shavu karibu na hiyo kitu, mwari. Si wewe, si mimi."

Wanasema mwamba ngoma huvutia kwake. Nimefanya kazi na watu wengi tangu wakati ule, na nimeona ngozi ikivutwa kila upande wenye faida. Sijaona tena mtu akiwamba ngoma na kusukuma ngozi yote kwa jirani. Nilimpenda Mzee Mugambi siku ile kuliko nilivyowahi kumwambia.

Alimwambia Mama Nyawira yeye mwenyewe, kabla ya chai ya saa kumi. "Usirudishe trima. Ni nzuri. Shida ilikuwa mafuta."

Mama aliyatazama maganda, akamtazama yeye. Alikuwa mkali, lakini hakuwa jiwe. "Mzee, tunaweza kuongea. Ile maneno nilisema…"

"Ulisema kiti ni kimoja. Ni kimoja kweli, nimehesabu." Akacheka kidogo, peke yake.

Maganda ya Sajini Karimi tuliyaosha, tukayakata yote kwa trima. Wiki iliyofuata alinichukua hadi uwanja wa klabu nikaone. Alilala juu ya turubai, akafunga bolti ya bunduki, na nikaona bega lake likitulia. Alipomaliza tulikwenda pamoja kwenye shabaha. Matundu yalikuwa yamekaa pamoja kama kuku wanaokimbia baridi, na kiganja changu kingeyafunika yote. Karimi aliing'oa karatasi, akaikunja vizuri sana, akaniuliza, "Ni Mzee amekata?"

"Ni trima."

"Na nani alisema trima iko sawa?"

"Ni Mzee."

Alichaguliwa kwenye timu. Alimletea Mzee Mugambi parachichi kikapu kizima na kumpigia saluti katikati ya karakana. Mzee alitazama huku na huku kuona ni nani anayepigiwa.

Sasa nyinyi mnaochagua trima leo, nanyi mna vitabu vya picha vya kuchagulia, msianze na bei wala mng'ao. Anzeni na maganda mliyo nayo. Ulizeni yametoka wapi, yameng'atwa na nini, yamepakwa nini. Ulizeni chombo kinalishika ganda wapi, kisha nendeni mkachunguze hapohapo kinaposhika. Na mkitumia ile ya bomba, osheni. Mkebe wa mafuta ya kukamulia hatukuutupa. Tuliendelea nao kwenye presi mpaka yale ya ng'ambo yalipoanza kupatikana, na mimi bado naona yale ya ng'ombe yalikuwa bora.

Mwisho wa mwezi Mzee Mugambi alikuja kuchukua vitu vyake. Kalibu alituachia. Tupa zake alizifunga kwa gazeti. Mama Nyawira alikuwa amemwandalia chai na mandazi, akambembeleza abaki hata siku mbili kwa wiki, naye akakataa kwa upole. Nilidhani sasa atavaa kofia aende stendi. Badala yake alivuta kiti mbele ya trima, akaketi.

"Nionyeshe," akasema.

"Nini, Mzee?"

"Vile unashika. Sijawahi kuizungusha. Nitaenda Meru niseme nini? Ati ilinitoa kazini na sikuijua?"

Nilimwonyesha. Mimi, niliyekoholewa mwaka mzima, nilimshika mkono mwalimu wangu na kumwonyesha namna ya kugonga, mara ngapi na kwa uzito gani. Alizungusha mpini, akainamisha sikio. Shaba ikatoka nywele nywele. "Haina kelele," alisema. Akazungusha tena, uso wake wote ukiwa unauliza. Alilitoa ganda, akaupitishia mdomo ukucha, akalibana kwenye venia. Akaisogeza dirishani. Akaisogeza machoni, akaigeuza upande wa mwanga, akaigeuza tena. Nilisubiri. Kisha akaninyoshea mkono, venia ikiwa bado imelibana ganda.

"Nisomee," akasema. "Hiyo mistari ilinitoka machoni zamani."

Nilisoma. Ilinibidi nisome mara mbili, maana nami sikuwa naona vizuri.

"Iko sawa, Mzee. Sawa kabisa."

"Kumbe," alisema, akachukua ganda lingine.